Kutoka Kadi za Otlet hadi Maelezo ya Zana: Brussels na Kazi ya Kumweleza Asiyekuona

Mwaka 1896, mtu aliyekuwa na swali la kitaaluma aliweza kuliandika kwenye barua na kulituma Brussels. Hapa mjini palikuwa na ofisi iliyolipokea swali hilo, ikafungua droo zake, ikanakili kadi zilizohusika na kumtumia mwenye swali nakala hizo kwa malipo. Kadi zenyewe hazikuwa jibu. Zilimwonyesha ni vitabu gani na makala gani yaliyoandikwa juu ya jambo lake, kisha kazi ya kusoma ikabaki kwake. Kufikia mwaka 1912 huduma hiyo ilikuwa ikijibu maswali zaidi ya 1,500 kwa mwaka. Na kulikuwa na utaratibu mmoja mdogo ambao tunauomba msomaji aushike kwa muda: swali likionekana kwamba litaleta matokeo zaidi ya 50, mwulizaji alionywa kwanza.

Muhula huu chama chetu kimekuwa na mabishano marefu kuhusu kazi inayoonekana ya juzijuzi, yaani kuandika maelezo ya zana zitakazotumiwa na mawakala wa akili unde. (Wenzetu wa Tanzania husema akili mnemba. Hapa tunaandika akili unde kwa kuwa ndilo neno lililotangulia kuzoeleka kikaoni kwetu, wala si kwamba ubishi umekwisha.) Katika mabishano hayo ilisemwa zaidi ya mara moja kwamba kazi hii haina historia, kwamba imezaliwa pamoja na mashine zenyewe. Sisi tunaona historia ipo, na kipande kikubwa chake kiliandikwa katika mji huu huu tunaosomea.

Kwa wasomaji wetu wasio watu wa kompyuta, maneno machache. API ni dirisha ambalo programu moja hulitumia kuomba huduma kwa programu nyingine. Wakala ni programu ya akili unde inayopewa kazi na mtu, kisha ikachagua yenyewe dirisha la kuendea. Haioni kilicho nyuma ya dirisha. Inachosoma ni jina la zana, aya fupi inayosema zana inafanya nini, na orodha ya vigezo: kipi kijazwe na kwa umbo gani. Mwanaprogramu binadamu akikutana na maelezo mabovu atamwandikia mwenzake, au atafungua msimbo ausome mwenyewe. Wakala mara nyingi hana njia hizo. Hukisia, na kisio lake hulisema kwa sauti ile ile anayosemea jambo la hakika. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana anayelipokea jibu hana namna ya kujua kwamba zana iliyotumika haikuwa yake.

Paul Otlet alizaliwa Brussels mwaka 1868 na akasomea sheria, kazi ambayo haikumshika moyo. Mwenzake Henri La Fontaine, aliyezaliwa mwaka 1854, alikuwa mwanasheria pia, mjamaa na seneta, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Septemba 1895 wawili hawa waliitisha mkutano hapa mjini, na mkutano huo ukazaa Institut International de Bibliographie. Shabaha yao ilikuwa kubwa kupita kiasi: orodha moja ya kila kilichochapishwa duniani. Kufikia mwisho wa mwaka huo wa 1895 walikuwa na kadi 400,000. Katika miaka ya 1930 kadi zilikuwa zimezidi milioni 12, kila moja ikiwa na milimita 75 kwa 125, zikiwa zimepangwa kwenye makabati ya mbao yenye droo ndogondogo. Léonie La Fontaine, dada yake Henri, naye alikuwa mtu wa nyaraka; mwaka 1909 alianzisha hapa Brussels ofisi ya kukusanya habari za masuala ya wanawake.

Kadi nyingi kiasi hicho zilihitaji anwani. Otlet na La Fontaine walichukua mfumo wa desimali ambao Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876, wakapata idhini yake ya kuutafsiri na kuupanua, na kati ya mwaka 1905 na 1907 wakatoa kwa Kifaransa toleo kamili la mfumo wao, ambao leo wakutubi wanaujua kama Uainishaji wa Desimali wa Ulimwengu. Tofauti kubwa na Dewey iko kwenye alama. Dewey alikuwa na namba ya somo. Otlet akaongeza viungo vya kuunganisha namba: mabano kwa mahali, alama za kunukuu kwa wakati, alama ya usawa kwa lugha, nukta pacha kwa uhusiano kati ya mambo mawili. Katika mfumo unaotumika leo, 37 ni elimu na (678) ni Tanzania, na karne ya 20 huandikwa "19". Kwa hiyo 37(678)"19" ni elimu nchini Tanzania katika karne ya 20. Ubelgiji ni (493). Badilisha mabano tu, na swali limehama bara.

Mwanafunzi wa kompyuta akiitazama namba hiyo ataona mara moja kwamba ni ombi lenye vigezo: somo, mahali, wakati, lugha. Kila kigezo kina alama yake, na mtu hawezi kuuchanganya mwaka na nchi kwa sababu umbo la kuandikia ni tofauti. Ndiyo kazi tunayoifanya leo tunapoandika kwamba tarehe ijazwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na kwamba nchi ijazwe kwa kifupi cha herufi mbili. Jambo hili linaonekana dogo mpaka mtu akumbuke kwamba 03/04 ni Aprili kwa Mbelgiji na ni Machi kwa Mmarekani.

Lakini tunaomba tusimame zaidi kwa karani kuliko kwa namba. Huyu karani wa Brussels alipokea barua ya mtu asiyemjua, wa nchi ambayo huenda hakuwahi kuifikia, kuhusu taaluma ambayo hakuisomea. Hakuwa na simu ya kumpigia. Alichokuwa nacho ni maneno ya barua upande mmoja na maneno ya kadi upande wa pili, naye akiwa katikati akijaribu kuyakutanisha. Kama kadi ilisema "juu ya Afrika" na basi, haikumsaidia kitu, hata kama kitabu chenyewe kilikuwa hazina. Otlet alilijua hilo, na ndiyo maana alishikilia kanuni ya jambo moja kwa kadi moja. Kadi yenye mambo matano ingefika kwa watu watano, wanne kati yao wakiwa hawaihitaji.

Onyo la matokeo 50 nalo lina maana kuliko linavyoonekana. Wakala wa akili unde ana nafasi yenye mpaka ya kushika maneno kwa wakati mmoja. Zana ikimmwagia rekodi 3,000, zinaweza kuisukuma nje kazi yenyewe aliyotumwa. Kwa hiyo maelezo mazuri ya zana hutaja idadi ya juu ya majibu, na zaidi ya hapo humwambia wakala la kufanya yakizidi: apunguze miaka, ataje mwandishi, aombe ukurasa wa pili. Ujumbe wa kosa usemao "ombi limekataliwa" ni sawa na barua iliyorudishwa bila maelezo. Usemao "mwaka uandikwe kwa tarakimu nne, mfano 1912" humrudisha wakala njiani.

Isidhaniwe kwamba tunamsifu Otlet kwa kila kitu. Maelezo yana tabia ya kubeba mtazamo wa mwandishi wake na kuishi baada yake. Katika mfumo wa Dewey, darasa la dini lilikaliwa karibu lote na Ukristo, na Uislamu ukabanwa kwenye namba moja, 297. Mfumo wa Brussels uliurithi mpango huo, na haukufumuliwa hadi mwaka 2000. Yaani kwa zaidi ya miaka 90 karani au mkutubi mwaminifu, asiye na nia mbaya hata kidogo, aliweza kuitafuta elimu ya pwani yetu, na tenzi zake zilizojaa dini, kwenye kona finyu aliyoonyeshwa na namba. Otlet mwenyewe, akiwa kijana wa miaka 20 mwaka 1888, alikwisha andika kijitabu kuhusu Afrika kilichojaa mawazo ya kutustaarabisha.

Tena Brussels ilikuwa na aina nyingine ya maelezo iliyotangulia kadi, nayo inatugusa sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili aliitisha hapa mkutano wa kijiografia uliozaa Association Internationale Africaine, ambayo mwaka 1879 ilikuwa na kituo Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Daktari wa msafara wao, Pierre-Joseph Dutrieux, alitunga orodha ya maneno ya Kifaransa na Kiswahili iliyochapwa Brussels mwaka 1880. Katika miaka ya 1890 afisa Charles Lemaire naye alichapisha hapa kitabu cha maneno cha lugha kadhaa, Kiswahili kikiitwa humo kwa jina la Unguja. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni Kongo, aliyachambua maandishi ya namna hii na kuonyesha jinsi yalivyoegemea upande wa kuamrisha. Lugha inakuwa orodha ya vitufe: lete, beba, nyamaza, twende. Anayesemeshwa hapewi zamu.

Kuna mwenzetu aliyesema kikaoni kwamba maelezo ya zana ni yale yale, amri na vigezo. Hatukubaliani naye. Mashine ni zana, na hakuna ubaya kuieleza kama zana. Ubaya wa vitabu vile ulikuwa kumwandika mtu kama tunavyoandika leo juu ya dirisha la programu. Tunachokiri ni kwamba umbo la maandishi linafanana mno, na kwa sababu hiyo anayeandika maelezo leo yafaa ajiulize kila mara nani yuko nyuma ya dirisha, na kama huyo alishirikishwa.

Swali hilo liliwahi kusimama kwa miguu yake mbele ya kadi za Otlet. Mwaka 1920 kazi za taasisi yao zilipewa kumbi katika jengo la Cinquantenaire, zikaitwa Palais Mondial, na baadaye Mundaneum. Mwaka 1921 Kongamano la Pili la Pan-Afrika, lililoandaliwa na W. E. B. Du Bois, lilifanya kikao chake cha Brussels ndani ya Palais Mondial, baada ya London na kabla ya Paris. Paul Panda Farnana, Mkongo aliyesomea kilimo Ubelgiji na kutekwa na Wajerumani akiwa askari wa Ubelgiji mwaka 1914, alikuwepo akisemea Wakongo. Magazeti ya hapa yalikishambulia kikao hicho, na mwenyekiti Blaise Diagne akaziweka kando hoja kali zilizotoka London, badala yake likapita tamko laini. Hata hivyo tukio lenyewe halikufutika: katika jumba lililojaa kadi zilizoieleza Afrika, Mwafrika alisimama akajieleza.

Mundaneum haikudumu. Serikali ilizifunga kumbi mwaka 1934, mwaka ule ule Otlet alipotoa kitabu chake kikubwa cha nadharia ya nyaraka, ambamo aliwaza meza ya kazi isiyo na kitabu juu yake, ila skrini na simu, na vitabu vyote vikiwa mbali katika jengo kubwa vikisubiri kuitwa. Wakati wa uvamizi wa Wajerumani mwaka 1940 mkusanyo uliondolewa Cinquantenaire kupisha maonyesho yao. Otlet alifariki mwaka 1944. Kilichobaki kipo Mons, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1998. Mwanachama atakayetaka kwenda kwa gari kupitia Flanders ajue kwamba vibao vya barabarani huko vitamwandikia Bergen, ambao ni mji ule ule. Kuishi Ubelgiji ni kujifunza kila siku kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, yote halali, na kwamba mgeni aliyeambiwa moja tu atapita njia ya kutokea.

Upande wa kompyuta tutaupita haraka. Mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wa Cambridge walichapisha kitabu kuhusu mashine yao ya EDSAC, na ndani yake mlikuwa na orodha ya programu ndogondogo tayari, kila moja ikiwa na maelezo ya kazi yake na namna ya kuiita. Jina la kiolesura cha programu, ambalo kifupi chake ndicho API, lilionekana kwenye makala ya mwaka 1968. Kwa miongo mingi iliyofuata msomaji wa maelezo hayo alikuwa binadamu. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwezesha modeli zake kuchagua zana kwa kusoma maelezo yake, na Novemba 2024 Anthropic ikatoa kanuni ya pamoja ya kuunganisha modeli na zana. Karani alikuwa amerudi, safari hii bila mwili.

Sasa kwetu. Chama kina orodha ya vitabu na magazeti yake, fahirisi ya msamiati, na kalenda ya vikao na ya wanachama wanaojitolea kuwasindikiza wageni wanaohitaji mtu wa kuwatafsiria. Wenzetu wa kitivo cha sayansi wamevijengea madirisha matatu. Rasimu mbili za dirisha la msamiati zililetwa mezani. Ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: "Hutafuta neno." Ya pili tunainukuu yote:

"Hutoa maana ya neno moja la Kiswahili kutoka fahirisi ya chama. Itumie mtu anapouliza maana ya neno. Usiitumie kutafsiri sentensi. Kitenzi kiandikwe kwa shina lake: piga, si walimpiga. Nomino iandikwe kwa umoja: kitabu, si vitabu. Neno lisipopatikana, zana hurudisha orodha tupu. Hiyo ina maana kwamba halimo katika fahirisi yetu, si kwamba neno halipo."

Sisi tuliipigia kura ya pili, na sentensi ya mwisho ndiyo iliyotushawishi zaidi. Suala la shina nalo si la wanaisimu peke yao. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake, na kila mwanafunzi mgeni wa Kiswahili anakumbuka siku alipolitafuta "mwanafunzi" kwenye herufi M akaelekezwa kwingine. Wakala asiyeambiwa atalitafuta "hawakutupigia" kama lilivyo, akose, kisha amjibu mtu kwamba Kiswahili hakina neno hilo.

Dirisha la kalenda lilizua mjadala wa saa. Mtu akimwambia wakala kwa Kiswahili "nitafutie mtu wa kunisindikiza kesho saa nne asubuhi", kigezo kikiitwa "saa" bila maelezo, wakala atajaza 4, naye mwenye miadi alimaanisha 10:00. Hii si hadithi ya kuchekesha kwa mtu aliyefika Brussels wiki iliyopita, ambaye miadi hiyo pengine ni ya hospitali au ya mwanasheria wake. Maelezo yaliyopitishwa yanasema: saa ijazwe kwa mfumo wa saa 24, mtu akitaja saa kwa Kiswahili, hesabu huanza alfajiri au jioni, kwa hiyo ongeza au punguza 6, na kama haijulikani ametumia hesabu gani, muulize kabla ya kuweka miadi.

Lililobaki wazi ni kigezo cha lugha. Orodha ya kimataifa ya lugha ina vifupi vitatu vinavyotuhusu: swa kwa Kiswahili kwa ujumla, swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Rasimu ya kwanza iliweka swa tu, kwa hoja kwamba lugha ni moja. Wanachama wetu wa Lubumbashi na Bukavu walipinga. Katika mji huu, wenye jamii kubwa ya Wakongo, mtu anayesema batoto na bintu akipangiwa msindikizaji aliyezoea watoto na vitu wataelewana sokoni, ila mbele ya mtu anayeandika kila neno lao kwenye faili, tofauti ndogo zinaweza kusomwa kama kigeugeu. Wengine walijibu kwamba kuvitenga vifupi ni kurudia kazi ya wakoloni ya kuigawa lugha. Hoja zote mbili zina uzito. Sisi tunaelekea upande wa Lubumbashi na Bukavu, kwa sababu moja ya kiutendaji: zana inayojua vifupi viwili inaweza kuviunganisha ikiombwa, na zana inayojua kimoja haiwezi kukitenganisha.

Kilichokubaliwa ni kwamba maelezo ya swc yaandikwe na wanaoisema. Rasimu yao ipo tayari, ina sentensi nne, na wameomba neno "lahaja" lisiwemo. Itasomwa kwenye kikao cha Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, yaani 18:00.